Kuvuka Mpaka na Mtoto Mdogo: Mashauri kwa Vikundi Vinavyozuru Miji ya Ziwa Victoria



Vikundi vingi siku hizi havitosheki na kuzuru tarafa ya jirani. Wengine huvuka Busia kwenda Uganda kuhiji Namugongo tarehe 3 Juni, siku ya kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda waliouawa kati ya 1885 na 1887. Wengine huenda Bukoba kuona migomba na kahawa, au Mwanza kuona biashara ya samaki. Wengine wana mabinti walioolewa ng'ambo ya mpaka.

Na karibu kila kikundi kina mama anayesema, "Nyinyi nendeni tu, mimi nina mtoto." Amechanga kama wenzake, amepalilia shamba la kikundi kama wenzake, lakini siku ya kwenda kujifunza anabaki nyumbani. Mwingine anajipa moyo na kwenda, lakini hakuna aliyemsaidia kupanga. Anarudi na mtoto anayehara au mwenye homa kali, na kikundi kinasema, "Si tulikwambia?"

Njia zote mbili hazifai. Mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 3 anaweza kusafiri salama, mradi safari ipangwe kwa kipimo chake. Hapa tunaeleza hatua kwa hatua, tukichukua njia inayozunguka Ziwa Victoria, maana ndiyo vikundi vingi vya magharibi ya Kenya huitumia.

NJIA YENYEWE

Ukitoka Kisumu kwenda Busia ni kama kilomita 110. Kutoka Busia hadi Jinja, mji wa Uganda ambako mto Naili unatoka ziwani, ni kama kilomita 120. Jinja hadi Kampala ni kama 80, na Kampala hadi Entebbe kama 40. Wanaoendelea kusini hupita Masaka, huvuka mpaka wa Tanzania pale Mutukula, na kufika Bukoba. Kutoka Bukoba mtu huenda Mwanza kwa meli au kwa barabara ndefu ya Geita. Zamani barabara hiyo ilikatwa na maji pale Kigongo na Busisi, na magari yalingoja kivuko. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita 3 hivi, kwa hiyo kule kungoja juani na mtoto kumeisha. Kutoka Mwanza unapanda kaskazini kupitia Musoma hadi Sirari, unavuka na kuingia Isebania, Kenya.

Mtu mzima anaweza kukaza roho akasafiri siku nzima na usiku. Mtoto hawezi. Yeye hulala mchana, hula kidogo kidogo mara nyingi, na miguu yake inataka kukimbia. Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni hili: siku moja ya gari, siku moja ya kupumzika. Lala Jinja badala ya kukimbilia Kampala usiku. Na kama shughuli zenu ziko Kampala lakini si lazima mlale huko, fikirieni Entebbe. Huko msongamano ni mdogo, na kuna bustani kubwa ya mimea iliyoanzishwa 1898, yenye kivuli kingi ambapo mtoto anaweza kukimbia bila kugongwa na bodaboda.

KARATASI ZA MTOTO

Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho. Tanzania haimo katika mpango huo. Huko unahitaji pasipoti au kibali cha muda.

Lakini mtoto hana kitambulisho. Hapo ndipo wengi hukwama. Cheti cha kuzaliwa kinaonyesha mtoto ni wa nani, nacho ndicho mwanzo wa karatasi zote, lakini msikitegemee peke yake mpakani. Nendeni ofisi ya uhamiaji iliyo karibu, mapema, muulize kuhusu pasipoti ya mtoto au kibali cha muda cha Afrika Mashariki. Kama cheti cha kuzaliwa hakijatolewa, anzeni hapo, maana bila hicho huwezi kusonga mbele.

Kuna jambo lingine. Wakati wa kuomba pasipoti ya mtoto, ridhaa ya wazazi hutakiwa. Na mtoto anaposafiri na nyanya, shangazi au mzazi mmoja tu, beba barua ya wazazi iliyotiwa sahihi pamoja na nakala za vitambulisho vyao. Maofisa wa mpakani wakiuliza maswali mengi, msikasirike. Kuna watu wanaoiba watoto na kuwavusha mipaka, na maswali hayo ndiyo yanayowazuia.

CHANJO

Chukua kitabu cha kliniki cha mtoto, ukisome pamoja na muuguzi. Angalia hasa chanjo ya surua, ambayo hapa Kenya hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Katika magari na mikutano yenye umati, surua huenea kwa haraka sana.

Halafu kuna chanjo ya homa ya manjano. Mtoto huweza kuipata kuanzia miezi 9. Msidhani amekwisha kuipata kliniki. Angalieni kama imeandikwa. Cheti chake, ile kadi ya manjano, huanza kuwa halali siku 10 baada ya sindano. Anayechomwa leo na kusafiri kesho bado hana kinga wala cheti halali. Kwa hiyo mnaokwenda Namugongo tarehe 3 Juni, msingoje wiki ya mwisho ya Mei. Zamani cheti hiki kilidumu miaka 10 tu. Tangu Julai 2016 sindano moja inatosha kwa maisha yote, na hata kadi za zamani zinakubaliwa hivyo. Kwa mama mwenye mimba, lazima aongee na daktari kwanza.

MALARIA

Pande zote za ziwa kuna malaria, Kenya, Uganda na Tanzania. Lakini hatari haiwi sawa kwa watoto wote. Mtoto aliyekulia sehemu za baridi, kama Kinangop au Limuru, hajawahi kuumwa na mbu wenye malaria, na mwili wake haujajifunza kupigana nayo hata kidogo. Anaweza kuzidiwa kwa muda mfupi. Mama wa sehemu hizo amwone daktari kabla ya safari na kuuliza kuhusu dawa ya kukinga. Yule wa Homa Bay au Siaya naye asijidai, maana kwa umri huu kinga yake bado ni changa. Hata mtoto aliyepata chanjo ya malaria, ambayo Kenya ilianza kuitoa 2019 katika sehemu za ziwa, bado anahitaji neti.

Beba neti yako iliyotiwa dawa. Usitegemee ya gesti, maana mara nyingi ina matundu. Beba pia kamba na misumari michache, kwa sababu vyumba vingi havina pa kuifunga. Jua likitua, mvalishe mtoto mikono mirefu na soksi.

Tena kumbukeni: malaria haionekani siku ile mbu alipouma. Huchukua siku 7 au zaidi, mara nyingi wiki mbili, hata mwezi. Kwa hiyo mtoto anaweza kurudi nyumbani akicheza vizuri, kisha homa ikampata wiki ijayo. Mama hufikiri ni meno. Mtoto yeyote anayepata homa ndani ya miezi mitatu baada ya safari apelekwe dispensari siku hiyo hiyo, apimwe damu, na mama amwambie muuguzi wazi: "Tulikuwa Uganda," au "Tulikuwa Mwanza." Neno hilo moja linaweza kuokoa maisha, hasa katika dispensari za milimani ambako malaria haifikiriwi haraka.

ZIWA: TUTAZAME, TUSIOGE

Ufukwe wa Entebbe au Bukoba unapendeza, na mtoto akiona maji anataka kuingia. Hapo msimamo wetu ni mmoja: asiingie. Sababu ni mbili.

Ya kwanza ni kichocho. Ndani ya maji ya pwani ya ziwa, hasa penye majani na maji yaliyotulia, huishi konokono wadogo. Konokono hao hutoa viini visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Hakuna haja ya kunywa maji hayo. Kuyakanyaga kunatosha. Mnyoo huo hukaa ndani miaka mingi na kuharibu matumbo na ini. Tena usidhani beseni linasaidia. Ukiteka maji ya ziwa na kumwogesha mtoto hapo hapo, ni kama umemtia ziwani. Yachemshe kwanza kisha yapoe, au yaache yatulie siku mbili katika chombo safi kilichofunikwa, kisicho na konokono. Viini hufa vyenyewe visipopata mtu.

Ya pili ni kuzama. Mtoto wa miaka miwili huzama kimya, katika maji yasiyofika magotini mwako, wakati mama anahesabu chenji. Penye maji, mtu mmoja amshike mkono. Si kumwangalia kwa mbali. Ni kumshika.

MAJI, CHAKULA NA KUHARA

Maji ya mtoto yawe yamechemshwa hadi yatokote kabisa, au ya chupa iliyofungwa kiwandani. Beba thamosi. Asubuhi omba jikoni wakujazie maji yaliyochemka. Chakula kiwe cha moto, kilichopikwa sasa hivi. Tunda liwe lile unalolimenya mwenyewe.

Chakula cha kumlisha hakikosekani. Matoke yaliyopondwa ni laini na tumbo huyapokea vizuri. Samaki ni chakula bora, lakini mchambue kwa vidole vyako, mfupa mmoja mmoja. Omena utawakuta kote: Uganda huitwa mukene, Tanzania ni dagaa. Njugu nzima na vipande vigumu usimpe mtoto mdogo, hasa gari likitembea, maana vinaweza kumkaba. Na kama bado ananyonya, usimwachishe ziwa kwa sababu ya safari. Maziwa ya mama ni safi, hayahitaji moto, na humtuliza mtoto katika mahali pageni.

Akihara, hatari kubwa ni kukaukiwa na maji. Beba pakiti za ORS kutoka nyumbani. Soma maandishi kwanza, kwa maana nyingine ni za lita 1 na nyingine ni za nusu lita. Usipokuwa nazo, chukua lita 1 ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Usizidishe chumvi. Mtoto wa chini ya miaka 2 anywe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuhara. Aliyezidi hapo anywe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, uendelee kwa kijiko, pole pole. Endelea kumlisha na kumnyonyesha. Vidonge vya zinki pia humsaidia kupona. Muuguzi atakueleza kipimo kabla ya safari.

Lakini ukiona macho yameingia ndani, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amelegea, kuna damu katika choo, au ana degedege, acha kila kitu. Ratiba ya kikundi ingoje. Mtoto apelekwe hospitali.

BARABARANI NA MELINI

Wengi humpakata mtoto ili wasilipe nauli yake. Tunaelewa, pesa ni ngumu. Lakini kwa safari ya saa nyingi, mtoto anayepakatwa huchoka, na mama huchoka mara mbili. Kama kikundi kinaweza, kilipe kiti kimoja cha ziada kwa kila watoto wawili. Msikae mbele karibu na kioo. Chagueni basi la mchana. Na mtoto asipandishwe bodaboda kati ya mama na dereva, hata kama "ni hapa tu."

Kwa meli na maboti tuwe macho zaidi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba, ilizama ikikaribia Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikiwa karibu kabisa kufika, na zaidi ya watu 220 walikufa. Hicho nacho kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Kwa hiyo kabla ya kupanda, angalieni mambo matatu. Je, watu ni wengi kuliko nafasi? Je, kuna jaketi la kuokolea linalomfaa mtoto? La mtu mzima litamponyoka. Je, hali ya hewa ni nzuri? Jibu moja likiwa baya, shukeni. Nauli iliyopotea hurudi, mtoto harudi. Tena mkiwa majini, usimfunge mtoto mgongoni kwa leso, maana chombo kikipinduka hutaweza kumfungua haraka.

MJINI: MTOTO ASIPOTEE

Mnakumbuka katika Injili ya Luka, wazazi wa Yesu walitoka Yerusalemu wakasafiri mwendo wa siku nzima wakidhani kijana yuko na jamaa zao katika msafara. Hawakuwa wazazi wabaya. Kila mmoja alifikiri yuko na wengine. Hiyo ndiyo hatari ya kusafiri kama kikundi: mtoto wa wote huwa si wa mtu.

Katika stendi kuu ya matatu ya Kampala au soko la Owino, dakika moja inatosha. Fanyeni hivi. Kila saa awepo mtu mmoja aliyetajwa kwa jina kuwa ndiye anayemshika mtoto. Anapompa mwingine, aseme kwa sauti, "Sasa ni wako," na yule ajibu, "Ni wangu." Shoneni ndani ya shati la mtoto kitambaa chenye namba ya simu, mkianza na +254. Laini yenu isipofanya kazi ng'ambo, ongezeni namba ya mwenyeji wenu wa huko. Mvalisheni rangi inayoonekana kwa mbali.

LUGHA YA KUOMBA MSAADA

Tanzania mtaelewana na kila mtu, lakini adabu ya Kiswahili chao ina uzito. Ukiingia dukani usiseme "nipe maji." Sema "naomba maji." Mkubwa msalimie "shikamoo." Utaona nyuso zikifunguka na mtoto akitafutiwa kiti.

Kampala wengi husema Kiganda. Jifunzeni maneno machache: amazzi ni maji, amata ni maziwa, omwana ni mtoto, omusujja ni homa, eddwaliro ni hospitali. Ukisema "omwana mulwadde," umesema mtoto ni mgonjwa. Na ukisaidiwa, sema "webale nnyo," asante sana.

KIKUNDI KIFANYE NINI

Mzigo huu wote hauwezi kubebwa na mama peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Katika mkutano wa kupanga safari, kabla ya kuhesabu nauli, mwenyekiti aulize: nani ana mtoto mdogo, naye angependa kwenda? Kisha mwandike katika bajeti kiti cha mtoto, neti, na akiba ya matibabu. Mchague mwanachama mmoja awe msaidizi wa mama huyo, ili mafunzo yanapoendelea mama asikie, na msaidizi awe nje na mtoto. Siku inayofuata wabadilishane. Na siku za kupumzika zisionekane kama ni hisani kwake. Wazee wetu wenye maumivu ya mgongo watashukuru vilevile.

Pia kuna wakati wa kusema hapana. Mtoto mwenye homa siku ya kuondoka asiondoke. Mtoto aliyepungua uzito, au aliyetoka hospitali juzi, angoje. Katika hali hiyo kikundi kimwekee mama nafasi yake katika safari ijayo, iandikwe katika kitabu cha mkutano, isiwe ahadi ya mdomo tu.

MZIGO WA MTOTO

1. Karatasi za kuvukia, cheti cha kuzaliwa, kitabu cha kliniki na kadi ya manjano, pamoja na nakala zilizowekwa katika mfuko wa mtu mwingine.
2. Neti, kamba na misumari.
3. Pakiti 6 za ORS, dawa ya homa yenye kipimo kilichoandikwa na muuguzi, na sabuni.
4. Thamosi, kikombe na kijiko chake mwenyewe.
5. Nepi za kutosha, na kopo lenye kifuniko la kuwekea zilizochafuka. Msifunge vitu katika karatasi za plastiki. Kenya zilipigwa marufuku 2017 na Tanzania 2019.
6. Sweta, kofia ya jua, na kitu kimoja anachokipenda kutoka nyumbani, hata kama ni kipande cha leso kuukuu. Usiku wa kwanza ugenini kitafanya kazi kuliko dawa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika ziara zetu zilizopita, ni akina nani walibaki nyumbani kwa sababu ya watoto? Tuliwauliza, au tulidhani hawataki?
2. Ni watoto wangapi katika kikundi chetu hawana cheti cha kuzaliwa? Nani atafuatilia, na lini?
3. Tukisafiri mwaka huu, siku ya mwisho ya chanjo ya homa ya manjano ni ipi? Iandikeni ukutani.
4. Akina baba wa kikundi, ni nani kati yenu atakayejitolea kumshika mtoto mama akiwa darasani?